Mpaka Uitwe Mara ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Posta Masta hakunionyesha barua. Alinionyesha mtungi wa maji, kisha mfuko wa turubai uliofungwa kwa lakiri, ile nta nyekundu inayogongwa mhuri ili mtu asiufungue njiani. Akaniambia, "Kijana, huko juu jangwani watu ni wachache kuliko mawe. Ukisikia unaitwa, usiitike hadi mara ya tatu. Binadamu huita mara tatu. Kile kingine huita mbili tu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nyinyi mliozaliwa hapa Birmingham mmezoea barua kupenyezwa mlangoni, tena nyingi ni matangazo ya piza. Kwetu anwani ilikuwa jina lako, la baba, la babu, na kisima. Nilipanda na ngamia hadi kisimani, nikasimama, nikayasoma majina kwa sauti. Mwenyewe asipokuwapo, mtu wa ukoo wake aliipokea, na barua ikasafiri na mifugo hadi imfikie. Haikupotea hata moja, na anayebisha aje tubishane.

Kisima kimoja kilikauka. Watu wakahama, isipokuwa Mama Halima. Mwanawe Yusuf alikwenda kutafuta kazi bandarini, na anwani aliyoijua ni hiyo. "Nikihama, barua yake itanikuta wapi?" aliniuliza. Nilipomwambia jamaa zake wataipokea, alinijibu, "Jamaa si mama." Basi kila safari nikambebea maji. Mkaguzi wetu wa wilaya alinikaripia, "Posta haisafirishi maji." Nikamjibu ndiyo mzee, nikaendelea kubeba.

Barua ikaja. Nilifika adhuhuri, jua limesimama, hakuna hata inzi. Mama alikuwa amekonda, nikamhurumia sana. Nikaketi kibandani kwake, nikamsomea: Yusuf yuko njiani, anarudi nyumbani. Mama akacheka huku analia.

Ndipo huko nje ikaita sauti ya kiume. "Mama."

Akainuka nusu. Nikamwona akiuma ncha ya shuka lake. Kule hata mtoto mdogo anaijua ile sheria.

"Mama." Karibu zaidi, nyuma tu ya ukuta wa mikeka.

Tukangoja. Ya tatu haikuja. Nilipotoka, mchangani palikuwa na nyayo zangu na za ngamia, basi.

Baadaye dereva wa lori alileta habari kwamba Yusuf aliugua njiani, akazikwa kabla barua yake haijanifikia. Jamaa walikuja kumchukua mama. Akiniaga aliniambia, "Ilikuwa sauti yake. Ningeitika, mwanangu. Hata kama si yeye, ningeitika."

Nikahamishwa vituo vingine, nikawa Posta Masta mwenyewe, nikastaafu. Binti yangu akatuleta huku Birmingham, mtaa wa Saltley, mimi na mke wangu Sahra. Wajukuu hunitania kwamba masikio yamekwisha, kwa kuwa wakiita "Babu" sigeuki hadi mara ya tatu. Nawaambia ni sheria ya kazi.

Sahra tulimzika majira ya baridi. Juzi adhuhuri nilikuwa peke yangu sebuleni, wajukuu wako shule, barabara imenyamaza. Nikaitwa kutoka jikoni. "Abdi." Ni yeye tu aliyekuwa akiniita hivyo. Nikashika mkono wa kiti, nikanyamaza kama nilivyofundishwa.

"Abdi."

Nikamkumbuka Mama Halima. Sikungoja ya tatu.

"Naam, Sahra," nikasema.