Hodi ya Kitanda cha Sita

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya wasio na makaazi kule Mtoni, nilifukuzwa kabla sijatua kikapu. Nilikuwa nimestaafu ukarani wa mizigo bandarini Malindi, hapa Unguja, kazi niliyoipata kwa cheti cha skuli ya jioni, na nilijiona msomi kuliko nusu ya kisiwa. Nikausukuma kwa kiuno mlango wa bweni la wanawake, mikononi birika na kikapu cha maboflo, mikate ya kulisha Unguja na Pemba, nikanguruma, "Asalaam alaykum, chai hiyo."

Kwenye kitanda cha sita bibi mmoja mwembamba, Bi. Mize, alikuwa akijifunga kanga.

"Waalaykum salaam. Hodi umeiacha kwenu?"

"Shikamoo, bibi. Nimeleta chai."

"Marahaba. Toka nayo. Ukifika nje upige hodi kama mtu aliyelelewa."

Nikatoka, mwanamke mzima mwenye wajukuu saba. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, chai inapoa. Ya tatu ndipo akaitikia, "Karibu, mwanangu." Wenzake walicheka hata mmoja akapaliwa, ikabidi apigwe mgongo.

Bi. Mize aliishi ghorofani Mji Mkongwe tangu ujana wake, mpaka warithi wa mwenye nyumba walipoiuza ikawa hoteli. Leo chumbani mwake analala mtalii, na mtalii huyo hupigiwa hodi hata kwa taulo. Yeye akaishia kulala kwenye baraza za Malindi, masika mawili, kifua kikaharibika. "Barazani," aliniambia, "kila mpita njia yumo chumbani mwako. Nikiingiliwa na hapa, narudi huko huko. Kule angalau hawakunidanganya kuwa nimepata nyumba."

Muuguzi alikuwa ameshasema: masika mengine ya nje, kifua kile hakivuki.

Nyinyi vijana mnaotaka kujitolea, msidhani kazi ni kugawa mikate na kupiga picha. Nilianza chini ya Mkuu wa Jiko, mama aliyekuwa na sauti ya kusikika Bagamoyo, nikamenya mihogo mpaka vidole vikasahau kalamu. Kisha nikapelekwa kwa Muuguzi wa Zamu, akanifundisha kugeuza: asiyejiweza hugeuzwa ubavu kila baada ya saa mbili, la sivyo kitanda humla mgongo. Mimi nikaongeza langu. Nilitundika kanga kuukuu kwenye kamba baina ya vitanda, na kabla sijamgusa mtu nikisema hodi. Muuguzi alinicheka wiki nzima. Wiki ya pili akaanza naye.

"Bi. Subira," alisema, "hizi hodi zako zina dawa. Hawajikazi tena nikiwageuza."

Halafu akaletwa Bwana Msimamizi. Katika makaratasi yake wale bibi waliitwa walengwa. Neno hilo linanichoma mpaka leo. Ndege ndiye hulengwa, kwa manati. Mtu aliyezaa, akalea, akazika mume, leo alengwe?

Asubuhi moja nikamkuta anazing'oa kanga zangu kwa mikono yake. Wafadhili walikuwa njiani na kamera zao, na bibi wawili walikuwa hata vichwa hawajafunika.

"Wageni wanataka kuwaona walengwa, Bi. Subira."

"Wapige hodi, wataonana."

"Hapa si nyumbani kwa mtu. Hapa ni kituo."

"Basi nyumbani kwao wapi?"

Akatazama saa yake, kama kwamba jibu limeandikwa humo. Nyuma yake Bi. Mize alikuwa ameshatandaza kitambaa kitandani, anafunga kifurushi: kanga mbili, chanuo, msahafu. Hakunitazama.

Nikaenda nikasimama mlangoni. Mlango ule ni mpana, lakini mimi, alhamdulillahi, niliuenea wote.

Wafadhili wakafika. Mama aliyetangulia akauliza kuna nini.

"Desturi tu, bibi. Hapa hupigwa hodi."

Akaona haya, akapiga. Kimya. Akapiga ya pili. Nilisikia fundo la kifurushi likikazwa. Bwana Msimamizi alikuwa anatoka jasho la kujaza kisima. Ya tatu ndipo sauti ikatoka kitanda cha sita:

"Leo hatuna nafasi, wanangu. Njooni siku nyengine, na hizo mashine mziache kwenu."

Yule mama akasema samahani, akawageuza wenzake. Kifurushi kikafunguliwa, chanuo likarudi chini ya mto.

Bwana Msimamizi aliniandikia barua ya onyo. Niliisahihisha tahajia kwa wino mwekundu, nikamrudishia. Kanga nikazitundika upya siku ile ile.

Sasa magoti yamegoma, nimestaafu mara ya pili. Watu huniuliza nilipata nini kule, na wanavyouliza unadhani nilikwenda kulea vichaa. Thawabu anazijua Mwenyezi Mungu. Niliipokea mizigo ya mabosi miaka yote ile bandarini, lakini hakuna bosi aliyewahi kunikaribisha mahali kwa moyo wake.

Siku ya kuaga nilisimama mlangoni. Bi. Mize akaniona kabla sijafungua mdomo.

"Wewe ingia tu. Mwenyeji hapigi hodi."

Nikapiga hivyo hivyo. Akanikawiza mpaka ya tatu.