Mnyama Asiye na Mdomo

Kijana wa Kihaya anapopelekwa kuposa, kazi yake ni moja tu: kunyamaza. Anavaa koti, anakaa mwisho wa mkeka, anatazama vidole vyake vya miguu, na mshenga anasema yote. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, naye alinihubiria jambo hilo kutoka nyumbani kwetu Rwamishenye hadi Kanazi, ndani ya pikapu yake ya kubebea ndizi. "Ukiulizwa jina, nitajibu mimi. Ukipaliwa na mate, nitaomba radhi mimi." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Alichosahau ni kwamba mimi ni mwalimu wa baiolojia, na ulimi wangu, ukisikia kosa la baiolojia, unawasha kuliko upupu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Kahawa ya kutafuna ilikuwa imepita, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imezunguka, na baba wa binti alikuwa amechangamka hadi akasimama kutoa hotuba. Mzee huyu alifundisha sayansi shule ya msingi miaka mingi kabla ya kustaafu, na nusu ya Kanazi imekaa kwenye madawati yake. Alituambia kwamba viumbe hai ni wa aina mbili. Mmea hukaa mahali pamoja, na mnyama hutembea kutafuta chakula chake. "Sasa," akasema, "nataka kujua huyu mliyeniletea ni mnyama au mmea. Maana anayekaa mahali pamoja akingoja chakula kimfuate, huyo kwangu ni mgomba."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hapo ndipo nilipotakiwa kutazama vidole vya miguu.

"Samahani, tata," ikasema sauti moja ikimwita mzee baba kwa Kihaya, na kwa bahati mbaya ilikuwa yangu. "Sifongo ni mnyama, na hatembei."

Kicheko kikakatika. Baba mdogo akafumba macho kama mtu aliye katikati ya sala ndefu. Mzee akanigeukia taratibu, akavaa miwani.

"Sifongo ndiyo nini?"

Mtu mwenye akili angeomba radhi na kukaa. Mimi nikasimama. Nikaeleza kwamba sisemi dodoki la kuogea, lile ni tunda la mmea unaotambaa kwenye ua, wala sisemi sponji ya godoro, ile inatoka kiwandani. Sifongo ni mnyama wa majini. Hana mdomo, hana tumbo, hana moyo, hana ubongo, na ameishi hivyo vizuri tangu kabla ya samaki kuwapo. Wengi wako baharini, lakini wako pia wa maji baridi yasiyo na chumvi.

"Hata humu ziwani mwetu?" mzee akauliza.

"Ego, waitu," nikaitikia kwa heshima. "Ndiyo. Hata humu."

"Nimeoga katika ziwa hili tangu sijaota meno ya pili. Sijawahi kusalimiana naye."

Wakajitenga, yeye na ndugu zake, kujadili faini yangu. Posa zetu hazikosi faini, na aghalabu ni kinywaji. Waliporudi, mzee alitangaza kwa sauti ya kengele ya shule: kijana alete mnyama huyo, akiwa hai, aonekane anafanya kazi ya mnyama. Akimleta, watakaa kupanga tarehe ya harusi. Asipomleta, aachwe aendelee kutafuta wanyama, na binti abaki kwao.

Nyuma ya pazia nilimsikia mchumba wangu akicheka. Nilimjua kwa kicheko hicho. Ndicho kilichonipeleka pale.

Shule ninayofundisha iko Muleba, na kutoka pale hadi mwaloni, wanakoegesha mitumbwi na kuanika dagaa, ni mwendo mfupi wa baiskeli. Kila jioni baada ya vipindi nilikunja suruali, nikaingia majini hadi magotini, nikawa nageuza mawe. Siogelei. Mtu aliyekulia Bukoba asiyejua kuogelea ni aibu tosha, lakini kumwona anainama majini na kioo cha kukuzia mkononi ni burudani. Akina mama waliokuwa wakifua waliniuliza kama nimepoteza pete. Nikawaambia pete bado sijanunua, kwanza natafuta mnyama. Wakaniombea.

Nilipata konokono. Nilipata mwani wa kijani unaoteleza kama bamia, nikashangilia, kisha nikautazama vizuri na kuurudisha kwa hasira. Usiku nilisoma vitabu vyangu vya chuo, na badala ya kukata tamaa nikazidi kupandwa na kichaa. Hebu fikiria mnyama ambaye mwili wake wote ni vitundu! Ndiyo maana ya Porifera, jina la kundi lake: wabeba vitundu. Maji yanaingia kwa vitundu vidogo visivyohesabika, yanapita kwenye vyumba vilivyojaa seli zenye mjeledi mmoja mmoja, na mijeledi hiyo inachapa maji usiku na mchana, haina Jumapili. Bakteria na chembe za chakula zinanaswa mle ndani. Maji yaliyochujwa yanatokea kwenye tundu kubwa. Mdomo wa nini tena? Mlo wenyewe unamwingia kwa maelfu ya milango.

Halafu koo zake. Wako sifongo wenye mifupa ya chokaa, midogo kama miiba. Wako wa kioo, wanaoishi vilindini, mifupa yao imesukwa kama kikapu mpaka unajiuliza nani amewafundisha. Na liko kundi kubwa kuliko yote, lenye sifongo walio wengi duniani, wakiwamo wale laini wa kuogea na hawa wetu wa maji baridi. Kuna pia ukoo mdogo ambao zamani uliwekwa ndani ya kundi hilo kubwa, mpaka wataalamu walipochunguza chembe za urithi wakaona hawa wana mji wao. Nikikosa usingizi nilikuwa najiuliza ingekuwaje kama watu wangepangwa hivyo, na kama upande wa mchumba wangu wangekubali.

Kilichonimaliza kabisa ni hiki: ukimkamua sifongo katika kitambaa hadi akawa seli tupu zinazoelea, seli hizo huanza kutambaa, zikatafutana, zikashikana, na sifongo akajengeka upya. Nilimpigia mchumba wangu simu kumweleza. Akasema, "Na sisi tukikamuliwa na baba, tutatafutana?" Nikasema tutatafutana. Nilikuwa nimesimama juu ya kitanda.

Jumamosi moja akaja mwenyewe. Alimuaga mama yake kwamba anakwenda Muleba kuangalia vitenge, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa maana ya kwamba alikuja amevaa kitenge na mimi nikakiangalia. Tulipofika mwaloni alikipandisha akakifunga, akaniuliza sifongo anapenda nini.

"Maji yanayotembea. Kitu kigumu cha kushika. Hapendi tope."

"Sasa mbona unamtafuta kwenye tope?"

Akaelekea penye mawimbi, upande ambao mimi nilikuwa nauogopa, palipokuwa na mtumbwi mzee uliozama nusu. Akapinda mgongo, akapapasa chini ya ubao. Kisha akanusa vidole vyake, akakunja uso.

"Kuna kitu kinanuka kama kitunguu kilichooza."

Nilikimbia ndani ya maji. Nilisahau kwamba siogelei. Tuling'oa kipande cha ubao uliokwisha kulegea, tukakigeuza, na pale palikuwa na ukoko wa rangi ya majani makavu, mkubwa kama kiganja, ambao mtu yeyote angeudhani ukungu. Niliweka kioo cha kukuzia. Vitundu! Vitundu vidogo kila mahali, na katikati yake kimoja kikubwa kilichochongoka kama bomba la jiko. Nililia kwa sauti. Akina mama waliacha kufua. Niliinama nimbusu yule sifongo, na mchumba wangu akanivuta shati.

"Anza na mimi," akasema.

Tulimweka kwenye ndoo ya maji ya ziwa, ubao wake na yeye. Nilikuwa nacheka peke yangu kama chizi. Ndipo mchumba wangu, akiwa anakamua upindo wa kitenge, akasema jambo lililonikausha kicheko.

"Umefikiria utakachomfanya baba? Amefundisha watoto wa Kanazi maisha yake yote kwamba mnyama hutembea. Utasimama mbele ya ndugu zake na majirani umwonyeshe alikosea. Tarehe atakupa, maana ameahidi. Lakini hutakuwa na mkwe. Utakuwa na mtu uliyemuaibisha."

Nilikaa juu ya jiwe. Nisipompeleka mnyama, nimekosa mke. Nikimpeleka, nimeingia katika familia kwa kumkanyaga mwenye nyumba. Na mimi nilimpenda yule mzee. Ni nani mwingine anatoa hotuba ya sayansi kwenye posa? Nikamuuliza mchumba wangu tufanyeje.

"Baba anapenda kuwa sahihi," akasema. "Lakini anapenda zaidi kufundisha."

Siku ya kwenda Kanazi nilipakata ndoo ndani ya pikapu ya baba mdogo, nimeifunika kwa kanga mbichi ili maji yasipate joto. Kila penye tuta nilipiga kelele. Baba mdogo alisema amebeba wagonjwa, maiti na maharusi, lakini hajawahi kuambiwa aendeshe polepole kwa ajili ya ukoko. Kila baada ya muda aliuliza, "Bado yuko hai?" nami nikisema sijui, kwa sababu sifongo aliyekufa na sifongo aliyenuna wanafanana sana.

Uani palijaa watu. Nilimhamishia mnyama wangu kwenye beseni jeupe la maji yale yale ya ziwa, na wote wakachungulia, na wote wakakata tamaa. "Ni kuvu hiyo," akasema mama mmoja. Mzee alifika na miwani yake, akatazama. Nilitoa bomba la sindano lisilo na sindano, lenye rangi nyekundu ya keki. Nilipiga goti.

"Tata, mwalimu wa Kanazi ni wewe. Naomba utufundishe wewe. Unadondosha rangi kidogo sana pembeni ya mwili wake, halafu unatazama tundu kubwa."

Mzee akalichukua lile bomba. Mgongo wake ukanyooka. "Kaeni chini," akawaambia watu, na wote wakakaa, hata wazee wenzake, maana wengine walikuwa wanafunzi wake.

Akadondosha. Rangi ikatanda pembeni, ikakaa hapo. Tukangoja. Nilieleza kwa sauti ya chini kwamba sifongo akisumbuliwa hujikunyata na kufunga vitundu vyake, na kwamba wa maji baridi hata hupiga chafya, mwili wote ukavimba na kusinyaa kutoa uchafu, ila kwa utaratibu wake, inaweza kumchukua nusu saa. "Chafya ya nusu saa," mzee akarudia, na nikaona amelipenda jambo hilo. Kahawa ikapitishwa. Mtu akapiga miayo. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuoa na kuachwa mara kadhaa.

Mzee akadondosha tena. Na safari hii ile rangi ilianza kusogea yenyewe kuelekea kwenye ukoko, ikazama ndani yake, ikapotea. Kisha juu, kwenye lile bomba dogo, ukatoka uzi mwekundu, mwembamba, uliosimama wima ndani ya maji.

"Mawe!" mzee akapiga kelele ya mshangao kwa Kihaya. "Anapumua! Njooni mwone, anavuta na kutoa!"

Ikawa vurugu. Walipandana mabegani. Mzee aliwafukuza, akawapanga mstari, akadondosha upya kwa kila kundi, akieleza mijeledi na vyumba na uchujaji kana kwamba alizaliwa navyo, akiniuliza tu neno hapa na pale kwa kunong'ona. Wa mwisho walipokaa, alisimama katikati ya ua, bomba la rangi mkononi.

"Ni nani aliwafundisha kwamba mnyama lazima atembee?"

Watu wakatazama chini. Kuku tu waliendelea na shughuli zao. Mke wake ndiye aliyethubutu. "Ni wewe, mwalimu."

"Ni mimi," akasema. "Futeni. Leo tumeandika upya."

Alicheka, na ua wote ukacheka naye. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alirudi kwenye beseni, akamwinamia sifongo, akakuna kidevu.

"Hana mdomo, sawa. Hana tumbo, sawa. Hatembei, nimekubali. Sasa mwenzake anampataje? Na watoto je, anazaaje?"

Kila mtu alinigeukia. Najua jibu la swali hilo kuliko ninavyojua namba yangu ya simu. Mbegu za kiume huachiwa majini, zikavutwa na jirani pamoja na chakula. Na wa maji baridi hutengeneza pia vijitufe vigumu vinavyovumilia ukame. Ninafundisha hayo kila mwaka. Nilifungua mdomo mbele ya mama wa binti, mashangazi wa binti, na binti mwenyewe aliyesimama mlangoni akijiziba kicheko kwa mikono miwili, na hakuna kilichotoka.

Mzee alingoja. Tangu siku ya kwanza alikuwa ananiita kijana. Akanigonga begani kwa lile bomba la rangi.

"Jibu, mkwe," akasema.

Akina mama walilisikia neno kabla yangu. Vigelegele viliruka hadi kwa majirani, baba mdogo akadaka mikono ya mzee wakaanza kutaja miezi, na mimi nimepiga goti pale pale kando ya beseni, nacheka na machozi yananitiririka, sikumbuki hata sifongo mmoja duniani.