Sanduku la Betri na Chumvi ya Ndama

Siku yangu ya kwanza kwenye yadi ya kuvunja magari, pale Nyakoe, sikushika hata spana. Fundi Mkuu alinipa karai akanielekeza chini ya lori bovu. "Gari ikiingia hapa, ikamue kwanza," alisema. Kukamua ndiko tulikoita kutoa oili, dizeli na oili ya breki, kila kimoja kwenye pipa lake, kabla ya kukata chuma. Chini ya yadi palikuwa na chemchemi ambako akina mama waliteka maji. Miaka hiyo ya tisini hatukuona mkaguzi. Tulimwogopa Fundi Mkuu tu, na alitosha.

Alichochunga zaidi ni betri. Ndani yake mna asidi na mabamba ya risasi, madini yenye sumu isiyo na harufu. "Betri hatufungui. Inarudi kiwandani nzima." Lakini nyingine zilitufikia zimeshapasuliwa, yamebaki masanduku matupu ya mpira mgumu, nayo yalipaswa kufungiwa stoo. Sisi Abagusii hatupendi kuona chombo kizima kikikaa bure. Nilisuuza sanduku moja, nikalibeba hadi nyumbani Kiogoro, nikaliweka nyuma ya jiko liwe la chumvi ya ndama. Mke wangu alinisifu.

Baada ya muda ndama akaanza kusaga meno. Akapofuka, akawa anazunguka mahali pamoja mpaka akaanguka. Daktari wa mifugo alikuja asubuhi, akamtazama macho, kisha akaniuliza, "Baba Kemunto, chumvi mnaweka wapi?"

"Juu ya jiwe," nilijibu. Niliogopa kufutwa kazi.

Daktari alipopanda baiskeli yake, nilizunguka nyuma ya jiko ili nilifiche sanduku. Nikamkuta Kemunto, binti yetu wa miaka mitatu, amechutama kando yake akilamba kidole. Watoto wote kwetu huiba chumvi ya ng'ombe. Hata mimi niliiba. Nilimkimbilia daktari barabarani, nikamwambia ukweli.

"Mpeleke hospitali leo," alisema. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi.

Hospitalini walisema risasi huweza kudumaza akili ya mtoto, lakini hawana kipimo chake kwenye damu, tumwangalie tu. Tuangalie nini, na mpaka lini? Fundi Mkuu nilimweleza mwenyewe. Alisema nirudishe sanduku, kisha niendelee na kazi. Baadaye alinipeleka Kebirigo kuwa msimamizi wa tawi. Huko nilikagua mifuko ya mafundi kila walipotoka, wakaniita Mwoga. Sikukasirika, jina lilinifaa.

Kemunto alikua vizuri, ila hesabu zilimshinda. Mwalimu wake wa darasa la nne alimchapa kila wiki. Nilienda shuleni kumwomba aache. "Kwa sababu gani, mzee?" aliniuliza. Nikasema mtoto hana afya nzuri, nikaondoka. Hakuacha.

Sasa nimestaafu, nalima migomba yangu. Kwenu mnaoingia kazi hii nasema: chombo kilichowekwa sumu hakijui kusuuzwa. Mwaka jana nilimweleza Kemunto yote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema huenda ni chumvi, huenda ni kichwa chake tu, hakuna wa kujua.

Kisha akauliza, "Baba, siku ile ulipokuja shuleni, kwa nini hukumwambia mwalimu?"

"Niliogopa."

"Mimi pia niliogopa," alisema, "na nilikuwa na miaka kumi."