Nilivyomjibia Mke Wangu Maswali ya Daktari

Laiti ningekataa kuingia ndani ya chumba kile, leo nisingekuwa na aibu ya kuwasimulia. Mwanasaikolojia wa kituo cha afya, binti wa rika la wajukuu zangu, aliniomba vizuri kabisa, "Papa, utungojee hapa inje," lakini mimi, mzee mzima, nimpeleke mke wangu Nsimire akaulizwe maswali halafu nisijue amejibu nini? Nikaingia, nikavuta kiti, nikaacha mlango wazi (nilisema ni joto, ila kwa kweli nilitaka wanawake wa parokia yetu waliokaa kwenye benchi nje waone mume anayejali).

Tangu tumzike binti yetu, Nsimire alikuwa haongei, chakula anakigusa tu. Ndiyo maana tulikuja.

"Maman, usiku unalala?"

"Analala muzuri sana," nikajibu.

"Papa, nimeuliza maman."

"Ni sawa tu, mimi ndiye bwana yake."

Akamtajia maneno matatu ayarudie, apime kumbukumbu yake. Nsimire akakawia, nami nikamnong'oneza, nikakosea yote, na kwenye benchi mtu akanicheka, "Tonton amepata zero!" Hapo nikapandwa na hasira, nikasimama nikapiga kelele zilizosikika hadi getini: "Bibi yangu haiko na wazimu! Museme hapa mbele ya watu kama iko muzima!"

Mwanasaikolojia hakupandisha sauti. "Papa, hapa hatutafute wazimu. Tunapima ili tujue maumivu iko wapi, tuanze na musaada gani, na kisha tuangalie kama inamusaidia. Ukijibu wewe, ninapima wewe."

"Basi mumuulize!" nikasema, nikiwa na hakika kabisa kwamba atajibu kama mimi.

Nsimire akainua kichwa. "Silale. Tangu mazishi ninakaa ku kiti ya jikoni mpaka asubuhi. Yeye anakoroma tu, hajue."

Benchi zima lilisikia, na safari hii hakuna aliyecheka. Nsimire akafunga kitenge chake vizuri, akapita katikati ya wanawake wale bila kusalimu mtu. Binti yule wa kituo alimpigia simu mara kadhaa, nami nilimwomba mke wangu radhi na kuapa kwamba nitabaki nje, hata barabarani wakitaka, lakini hakukubali tena kurudi.

Sasa anaishi kwa dada yake, kisiwani Idjwi. Dada yake ananiambia bado halali, na mimi ninalala peke yangu.