Salamu Kwenye Kisanduku Chekundu

Hebu mwone Evodia anavyofika getini, ndugu yangu: sweta la ulinzi juu ya kitenge, bakuli la kiporo mkononi, miguu imejaa vumbi la kutoka Utemini. Miaka kumi na moja anafika hivyo. Wanafunzi wote wa chuo wanamwamkia, naye hamwachi mtu apite bila kumuuliza habari za kwao.

Mwaka jana chuo kilifunga visanduku vinne vyekundu kwenye nguzo. Ukipatwa na dharura unabonyeza kitufe, simu inalia kibandani kwa walinzi, mnaongea. Ila inajikata baada ya nusu dakika, wala haisemi imetoka nguzo ipi.

"Mama, ukipokea tu, uliza yuko wapi," fundi Calist alimwelekeza.

"Kabla ya salamu? Kwani mimi polisi?"

Wakacheka wote wawili.

Basi ikaja likizo. Saa nane mchana, chuo kitupu, simu ikalia.

"Shikamoo, mama." Alikuwa Scola, binti wa Kintinku, yule mwenye pumu, ambaye hakuwa ameondoka bado. Sauti ilikuwa inakwaruza.

"Marahaba, mwanangu. Za tangu jana?"

"Nzuri... mama."

"Nyumbani nao hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, naomba..."

Ikakatika.

Evodia alikimbia na miaka yake hamsini na nane. Maktaba, hakuna mtu. Bwenini, hakuna. Maabara, hakuna. Alimkuta nguzo ya nne, kule uwanjani, ameketi ameegemea, kama anayepumzika. Alikuwa ameshakata roho.

Hakuna aliyemlaumu. Mtoto aliamkia kama alivyolelewa, mama akaitikia kama alivyolelewa. Nani angeona kosa hapo? Lakini Evodia analiona, kila siku. Sasa simu ikilia anasema neno moja, "Wapi?", na vijana wanaobonyeza kwa utani wanaambiana, "Bibi siku hizi hana hata salamu." Getini wanamwamkia, anatazama chini.

Juma lililopita mama yake Scola alikuja kuchukua godoro na sanduku la mwanawe. Mwanamke mdogo kuliko Evodia, kanga mbili, macho makavu. Hakuna aliyemsimulia habari za ile simu. Alisimama mbele ya kibanda, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Evodia alifungua mdomo. Mgeni akangoja, bado ameinama.

Wewe unayenisikiliza, ungeitikia?