Sisimizi wa Mama

Nikisikia harufu ya chai ya hiliki, narudi barazani kwetu Buguruni, mchana, mama kapakata ungo wa mchele, nami namsimulia ya shule. Usiku hakuwa akilala vizuri. Alikoroma mpaka pumzi ikamkaba, akaamka kila mara kwenda chooni. Basi mchana kichwa kilimwanguka kifuani nikiwa katikati ya habari.

"Mama, hunisikilizi mie?"

"Nakusikia, mwanangu," alijibu, macho kayafumba.

Jirani akipita alimsifu: "Shoga, ulivyonenepa! Mume anakutunza." Mama alifurahi, akaongeza sukari kwenye chai ili usingizi umtoke.

Habari zangu niliwamalizia sisimizi, waliokusanyika kwenye mkojo chooni kila mama alipotoka.

Leo asubuhi, baada ya usiku mwingine wa kuamkaamka, nimewakuta sisimizi chooni kwangu, wamezunguka mkojo wangu.