Kuchagua Boti ya Kuwavusha Wajawazito

Jumatatu, tarehe tisa Juni, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa katika kituo cha mabasi cha Shinyanga nikikunja kamba ndefu ya katani ili itoshe kwenye begi. Kamba hiyo ndiyo ilikuwa boti yetu. Siku mbili kabla, nyumbani kwa mwenyekiti wetu Mama Shija, kule Mhunze wilayani Kishapu, tuliitandaza uwanjani ikachora umbo la boti, tukaingia wanawake kumi na kukaa ndani yake. Tulisogeleana, tukaisukuma nje kidogo, tukaivuta tena, hadi kila mmoja akaridhika na nafasi yake. Kisha Mama Shija akaweka kiganja kifuani na kusema ubavu wa boti ufike hapo, kama ua wa zizi, maji yasiingie. Nikaandika. Sisi ni watu wa pamba na ng'ombe. Wengi wetu ziwa tumeliona kwenye dirisha la basi.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Mdogo wangu Kabula ni mkunga katika zahanati ya kisiwa kidogo ng'ambo ya Nkome, mkoani Geita. Mwaka jana alipokuja likizo alitusimulia habari za mjamzito aliyehitaji upasuaji, ambaye alisubiri tangu jioni mtumbwi wa wavuvi urudi, na uliporudi haukuhitajika tena. Kikundi chetu cha akina mama, ambacho hadi siku hiyo kilikuwa kikishughulika na mbegu na sare za shule, kiliazimia kukipa kisiwa boti ya wagonjwa. Nilitumwa mimi kwa sababu ni katibu, na kwa sababu shule ninayofundisha ilikuwa imefungwa. Nilipaswa kuamua jambo moja: tununue boti ya faiba iliyo tayari, au tumpe fundi aunde ya mbao kwa vipimo vyetu. Na palikuwa na haraka. Kisiwani alikuwapo Mama Baraka, ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na sasa alibakiza wiki saba hivi kujifungua wa pili.

Saa nne tulikuwa Kahama, na baada ya hapo udongo ukaanza kubadilika. Mashamba ya pamba yaliachia nafasi viduka vya vipuri, mitambo ya kusaga mawe na vijana wenye matope makavu magotini. Abiria aliyekaa nami, mchimbaji kwa mavazi yake, aliitazama kamba iliyochungulia kwenye begi.

"Mama, unakwenda kufunga ng'ombe au kushuka duarani?" Duara ni jina wanaloliita shimo la dhahabu.

"Hii ni boti," nikamjibu.

Aliitazama kamba, akanitazama mimi, na basi liliposimama Kakola akahamia kiti cha nyuma.

Nililala Geita mjini. Jumanne, saa tatu asubuhi, nilishuka Nkome, kwenye mwalo, yaani pwani ambapo mitumbwi hushusha samaki. Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, na harufu yao ilinifuata mpaka kwenye turubai la Bwana Hamadi. Huyu ni mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Pangani. Huleta boti za faiba kutoka Dar es Salaam na kuziuza kwa wenye kambi za uvuvi. Alinikaribisha chai ya tangawizi kabla hajataja biashara, kisha akafunua turubai.

Nakiri nilivutiwa. Boti ilikuwa nyeupe, nyepesi, haiozi wala haihitaji kuzibwa mianya, na chini ya viti vyake maboya yalikuwa yamepangwa vizuri. Nilisimama kando yake juu ya mchanga: ubavu ulinifika kifuani, palepale alipoweka kiganja Mama Shija. Nilitandaza kamba yangu kuizunguka, ikakaribia kutosha.

"Mwalimu, ukisema ndiyo sasa, alasiri inaelea," alisema Bwana Hamadi.

Hatua hamsini kutoka hapo, Fundi Magesa, Mkerewe wa makamo, alikuwa ameinamia mtumbwi uliopinduliwa, akisokomeza nyuzi za pamba katikati ya mbao kwa patasi butu. Nilimwamkia, akaitika bila kuinua kichwa. Nilipomwambia natoka Kishapu, aliinua.

"Basi tunajuana. Pamba yenu ndiyo inayozuia maji yetu."

Nilimpa karatasi ya vipimo. Aliisoma yote, akaikunja na kunirudishia.

"Hapa umeniandikia watu kumi wanakaa. Anayelala yuko wapi?"

"Atalala katikati."

"Anaingiaje?"

Nilisema ataingizwa. Aliniuliza na nani, na pwani ya kisiwa hicho ni mchanga au mawe, na maji yake ni ya kina gani. Sikujua hata moja. Aliniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, kwamba yeye haundi boti kwa karatasi. Kwanza huenda kuona inapotia nanga na nani ataishika. Na hata akikubali, mbao zake za mvule zimepasuliwa hivi karibuni na bado ni mbichi. Akizipigilia misumari sasa, zitasinyaa na kufunguka zikiwa majini. Miezi mitatu, pengine minne.

Nilimpigia simu Mama Shija. Mtandao ulikatika mara mbili, lakini ujumbe wake ulifika. "Nunua iliyopo, Mama Neema. Tumbo halisubiri fundi."

Ilikuwa rahisi kumtii. Lakini maswali ya Magesa yalikuwa yamenikaa, nami nimewafundisha wanafunzi kwa miaka ishirini wasijibu kabla ya kulisoma swali. Nilimwambia Bwana Hamadi kwamba sitanunua mpaka boti yake ijaribiwe kulekule kisiwani. Alikubali mara moja. Alikuwa na imani na mali yake. Nikamwomba Fundi Magesa aje pia. Alikubali polepole, akachukua uzi na kipande cha mkaa, basi.

Alasiri tulivuka. Boti ilikwenda vizuri, nami nilianza kuisifu moyoni. Tulipokaribia kisiwa, mwendeshaji alizima injini mbali na ufuko, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na mawe yaliyofichika. Tulishuka majini, yakanifika kiunoni. Kabula alitusubiri ufukoni na wanawake wanne wenye machela. Hao ndio wabebaji, kwa sababu mchana wanaume wa kisiwa huwa wamelala baada ya uvuvi wa dagaa. Kando yao alisimama Mama Baraka, mkono kiunoni, akitaka kuiona boti aliyosikia inakuja kwa ajili yake.

"Nani mgonjwa?" aliuliza mmoja wa wabebaji.

Nilisema ni mimi. Nikajilaza kwenye machela.

"Mwalimu, kule kwenu mnalishwa nini?" alisema mwingine walipoiinua. "Huyu si mgonjwa, huyu ni gunia la mpunga."

"Na bado hajajifungua," akajibu mwenzake.

Waliingia majini wakicheka, na kicheko kiliisha tulipofika kwenye boti. Kule Nkome, juu ya mchanga, ubavu ulikuwa kifuani. Hapa boti ilikuwa imeelea na wabebaji wamezama hadi kiunoni, na ubavu uleule sasa ulikuwa juu ya vichwa vyao. Waliinua machela kadiri mikono ilivyofika. Wawili wa mbele walilazimika kuiachia ili wapande, boti ikasogea kwa wimbi dogo, upande wa kichwa ukainama, nami nikateleza majini na nguo zangu zote. Nilinyanyuka nikikohoa. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wakimtazama Mama Baraka, naye alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameinamisha uso.

"Tutaweka ngazi," alisema Bwana Hamadi.

"Ngazi ya mtu aliyelala, kaka?" Kabula alimuuliza.

Kwa heshima yake niseme kwamba hakubishana tena. Nikiwa nimesimama pale maji yakinichuruzika, nilielewa kosa letu. Tuliwapima waliomo ndani ya boti. Hakuna kati yetu aliyewapima wanaonyanyua. Na boti ya fundi, kama angeifuata karatasi yangu neno kwa neno, ingekuwa na kosa hilohilo, tena kwa kuagizwa.

Fundi Magesa aliwaomba wabebaji warudi majini wamebeba machela tupu. Hakuigusa boti. Alimtafuta aliye mfupi kuliko wote, akapima kwa uzi kutoka usawa wa maji hadi begani mwake, akafunga fundo na kulipaka mkaa.

"Unanipima sanda?" alimtania yule mama.

"Nakupima ubavu, dada. Wewe mfupi ndiye utakayepanga kimo. Warefu watainama kidogo."

Kisha alinieleza. Katikati ya boti ataacha sehemu ya ubavu iliyo chini ya fundo lile, machela isukumwe ndani bila mtu kupanda; mgonjwa akishaingia, ubao unachomekwa kwenye mfereji wake kuziba mawimbi. Alipomaliza nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia Bwana Hamadi kwamba hatutanunua, nikamshukuru kwa kutuvusha. Alikamua kanzu yake, akasema nimemfundisha jambo, ila angependa kufundishwa akiwa mkavu.

Mama Baraka hakutabasamu. "Ninyi mna boti ya miezi minne," alisema. "Mimi nina wiki saba."

Alikuwa na haki. Kwa hiyo Jumatano asubuhi, mbele ya banda lake la dagaa, nilimwomba avuke nami mapema akasubirie Geita mjini, karibu na hospitali. Kabula alikuwa amemwambia hivyo tangu mwezi uliopita, akakataa. Mtoto wake angebaki na bibi yake. Tatizo halikuwa hilo.

"Geita nina wifi," alisema. "Lakini siwezi kujipeleka kwa wifi na tumbo langu kama mtu aliyefukuzwa. Mume wangu anipeleke, aseme mwenyewe mlangoni."

"Mumeo yuko wapi?"

"Rwamgasa. Anachimba."

"Basi tunapitia Rwamgasa."

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. Kabula, anayenifahamu, alikuwa tayari anamfungia kanga zake.

Alhamisi, saa sita mchana, tulikuwa Rwamgasa. Mume wake alitoka shimoni akiwa na rangi moja na udongo, macho tu yakionekana. Alinipa shikamoo, akamwona mkewe, akashika kichwa.

"Mwalimu, duara letu liko karibu kutoa. Nikiondoka leo, wenzangu watanitoa kwenye hesabu."

"Mkeo naye yuko karibu," nilisema. "Na yeye hana wenzake."

Wachimbaji waliokuwa wamekaa juu ya viroba walicheka. Mmoja wao akasema, "Nenda bwana, jiwe halina miguu." Mume aliondoka kunawa. Jioni tulimsimamisha mbele ya mlango wa dada yake, akasema maneno yake, na wifi akampokea Mama Baraka mfuko wake kabla hajamaliza kusema.

Jumamosi nilikuwa Mhunze, katika uwanja uleule. Mama Shija alinisikiliza kwa uso mgumu, akauliza nimewezaje kurudi mikono mitupu. Sikubishana naye. Nilimwomba alale kwenye mkeka, nikawaomba wanne wamwinue, wamwingize kwenye mkokoteni wa ng'ombe huku wao wamepiga magoti. Walijaribu mara mbili. Mara ya pili Mama Shija, akiwa amening'inia, alisema inatosha, fundi aendelee.

Nililojifunza katika siku sita hizo ni dogo, na lilinigharimu kulowa: kitu cha kumwokoa mtu hupimwa kuanzia kwa mikono itakayompokea. Mwishoni mwa Julai nilimwandikia Fundi Magesa barua, nikamkabidhi kondakta wa basi la Geita:

"Fundi Magesa, salaam. Mama Baraka amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, wote wazima. Wako kwa wifi yake. Juzi kwenye simu ulisema kwamba, kwa kuwa tunakuharakisha, unaweza kuanza kupigilia wiki hii, na mbao zitaendelea kukauka boti ikishaanza kazi. Nakuandikia kwa mkono wangu ili uwe na karatasi ya kuonyesha: usianze. Tuliyekuwa tunamharakishia ameshavuka. Kabula ana wengine wanne kwenye daftari lake, na kila mmoja tutamvusha mapema kwa njia tuliyonayo, hata kama ni kumfuata mume shimoni. Watakaopanda boti yako ni watu ambao bado hatujawajua, nao hawatakuwa na nafasi ya kuuliza kama mbao zilikuwa kavu. Subiri zikauke. Mtu yeyote akija kukuuliza kwa nini boti haijaanza, awe wa kisiwani au wa Kishapu, mwambie nimekukataza mimi."